Helmeti si ya kumwonyesha mkaguzi

Kuna siku saiti nyingi za mjengo hapa Nairobi hupendeza kama harusi. Helmeti mpya, riflekta, gambuti kwa kila mtu. Ukiona hivyo, jua mkaguzi yuko langoni. Akiondoka tu, vifaa vinarudi stoo na watu wanapanda ghorofa ya nne na ndala.

Hayo nimeyaona kwa macho yangu kwenye kibarua nilichofanya baada ya kuacha chuo. Ubao mmoja wa jukwaa ulikuwa umepasuka na mafundi wote waliujua. Waliuruka tu wakipita. Mbona wasiseme? Kwa sababu jibu lilijulikana: "Kama unaogopa, wengine wako nje ya lango wanataka kazi."

Basi usalama kazini hauanzi na helmeti. Unaanza na swali moja: je, kijana aliyeingia saiti jana anaweza kusema "hapa si salama" na kesho bado aitwe kazini?

Kwenye karatasi, anaweza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema ukiona hatari kubwa, umwambie msimamizi, na hadi irekebishwe mwajiri hafai kukulazimisha urudi hapo. Vifaa vya kujikinga ni gharama yake, si ya kukatwa kwa mshahara wako. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, panafaa kuwa na kamati ya usalama.

Lakini tuambiane ukweli. Kibarua huwa hafutwi. Asubuhi hasomewi jina, na imeisha hiyo. Analipwa kwa siku na kodi inamngoja, kwa hivyo ananyamaza. Ndiyo maana mzigo wa kwanza ni wa mkubwa.

Msimamizi anahitaji dakika tano tu kabla ya kazi. Aulize: mvua ya jana imelegeza kuta za mtaro? Misumari imeng'olewa kwenye mbao? Nani anafanya kazi juu, na nani atapita chini yake? Mtu akitaja shida, irekebishwe mbele ya wote na ashukuriwe. Na yeye mwenyewe avae helmeti hata siku mkaguzi hayuko. Watu huiga wanachoona, si kilichoandikwa kwenye bango.

Tofali likianguka na kumkosa mtu, msiseme "Mungu ni mkubwa" halafu mwendelee kukoroga simiti. Ulizeni limetoka wapi. Kesho huenda lisimkose.

Na sisi je? Usiende kulalamika peke yako. Mmoja ataitwa mwoga, lakini mafundi wanne ni vigumu kuwabadilisha asubuhi moja. Pigeni picha ya shida. Mtu akiumia, ripotini siku hiyo hiyo na mshike namba za walioona. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima na amlipe fidia aliyeumia.

Ila fidia hairudishi mguu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mjengo ukuta wenyewe unaweza kukuangukia. Ubao mpya ni bei rahisi kuliko harambee ya mazishi. Sema ukiwa bado chini.