Nyasi Bandia Kandokando ya Bwawa la Kuogelea

Katika maeneo ya jangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, hususan Las Vegas na Phoenix, ambako mvua ni haba na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida, nyasi zinazolizunguka bwawa mara nyingi si mmea hata kidogo, bali ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwenye kitambaa kizito na kutandazwa mfano wa zulia. Chanzo kikubwa cha hali hiyo ni kupungua kwa maji ya Mto Colorado, ambako kulilifanya jimbo la Nevada litunge sheria mwaka 2021 inayokataza, baada ya mwaka 2026, kutumia maji ya mto huo kumwagilia nyasi za mapambo zilizo kandokando ya barabara na majengo ya biashara. Bustani za nyumba za familia moja hazikuguswa na katazo hilo, lakini wenye nyumba wengi wameng'oa nyasi zao kwa hiari ili kupunguza matumizi ya maji.

Nyasi bandia hazikubuniwa kwa ajili ya mabwawa. Toleo la awali, lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto kwa nyuzi za nailoni, lilitandazwa mwaka 1964 katika shule ya Moses Brown mjini Providence, lakini kilichozipa umaarufu ni uwanja wa Astrodome wa Houston, uliofunguliwa mwaka 1965 ukiwa na paa linalopitisha mwanga ili nyasi hai ziote ndani. Kwa kuwa mwanga huo uliwaumiza macho wachezaji wa besiboli waliokuwa wakiufuatilia mpira ulio juu, paa lilipakwa rangi, nyasi zikafa kwa kukosa jua, na mwaka 1966 zile za plastiki zikachukua nafasi yake kwa jina la AstroTurf. Msomaji aliyewahi kuuona uwanja wa Amaan wa Unguja au Kaitaba wa Bukoba ukiwa na nyasi bandia ameuona uzao wa uvumbuzi huo.

Nyasi za kando ya bwawa hutengenezwa aghalabu kwa polietilini, plastiki iliyo laini kuliko nailoni na isiyokwaruza nyayo zilizo peku. Hata hivyo, ubora wa kazi hautegemei sana kile kinachoonekana juu, kwani ardhi hai hunywa maji na kumshikilia mtu asiteleze, na fundi hana budi kuzijengea kazi hizo mbili mbadala wake. Huondoa udongo wa juu kwa kina cha sentimita kama 8 au 10, hujaza kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi la mawe, huzilowanisha na kuzishindilia kwa mashine, huku akiacha mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, unaoelekea mbali na bwawa, ili mvua na uchafu visiingie majini. Kitambaa cha chini kina matundu yanayopitisha maji kuelekea kwenye kokoto hizo. Vipande viwili vinapoungwa ni lazima nyuzi zake zilalie upande mmoja, la sivyo mwanga utaviangukia tofauti na kiungo kitaonekana kana kwamba ni rangi mbili. Kwenye ukingo wa zege hutumika gundi isiyoharibiwa na maji, na pale panapopigiliwa misumari mirefu fundi makini hujua kwanza mabomba ya pampu yamepita wapi chini ya ardhi.

Hatimaye mchanga hupigwa brashi uingie kati ya nyuzi, uzisimamishe na kulipa zulia uzito, lakini karibu na ukingo hutiwa kwa kiasi, kwa sababu ukisombwa na miguu huishia kwenye kichujio cha bwawa. Klorini iliyomo katika maji ya kuogelea ni kidogo mno kuweza kuidhuru polietilini. Adui wake hasa ni miale ya jua, na ndiyo maana kiwandani huchanganywa na kemikali za kuikinga.

Liko jambo moja ambalo fundi hawezi kulijengea mbadala. Jani hai hutoa mvuke wa maji, na maji yanapogeuka mvuke hubeba joto jingi, hivyo nyasi hai hubaki na ubaridi hata jua linapokuwa kali. Plastiki haina njia hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah, walipima uwanja wa nyasi bandia mwaka 2002, wakaukuta ukiwa na joto kuliko lami. Walipoumwagilia maji, joto lilishuka kutoka nyuzi 79 za selsiasi hadi 29, lakini dakika tano baadaye lilikuwa limerudi hadi 49. Kwa mchezaji aliyevaa viatu hilo ni usumbufu, ilhali kwa mtoto anayetoka majini akiwa peku ni hatari ya kuungua kweli, na inasikitisha kwamba uamuzi wa kutandaza hufanywa mara nyingi bila kufikiria kivuli. Vioo vya madirisha ya kisasa, vilivyopakwa utando unaorudisha joto nje, huongeza tatizo: vikipinda kidogo na kuukusanya mwanga mahali pamoja, nyuzi za polietilini, zinazoyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi za selsiasi, huweza kulegea na kujikunja.

Sheria nazo zimeyumba. Mwaka 2015, wakati wa ukame, California ilivizuia vyama vya wenye nyumba, pamoja na serikali za mitaa, kupiga marufuku nyasi bandia. Mwaka 2023 jimbo hilohilo liliziruhusu tena serikali za mitaa kuzikataza.