Onyo Lisiloeleweka
Mfanyakazi abonyezaye kitufe bila kujali onyo la kompyuta huitwa mzembe. Historia ya tiba ya saratani yatutahadharisha tusiharakishe hukumu hiyo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwazidishia dozi wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada. Baadhi yao walifariki. Mjini Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini ilionyesha tu hitilafu namba 54, pasipo kutaja hatari. Mashine ilizoea kusimama kwa kasoro ndogondogo, na herufi moja, P, ilitosha kuiendesha tena. Onyo lisiloeleweka, likirudiwa kila siku, humfunza mtumiaji kulipuuza. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayelalamikia kompyuta asikilizwe. Pengine anamtetea mgonjwa.