Kikombe cha Chokoleti katika Mtaa wa Rivoli

Angelina ni ukumbi wa chai na duka la chokoleti lililoko namba 226, mtaa wa Rivoli, katikati ya jiji la Paris, mkabala na bustani ya Tuileries. Ulifunguliwa mwaka 1903 na Antoine Rumpelmayer, fundi wa keki na peremende aliyetoka katika milki ya Austria na Hungaria. Fundi huyo alikwisha kujipatia jina katika miji ya kusini mwa Ufaransa, ambako matajiri wa Ulaya walikwenda kukwepa baridi. Mwanzoni nyumba hiyo ilijulikana kwa jina la fundi mwenyewe. Baadaye ikaitwa Angelina, jina la mke wa mwanawe René. Ukumbi ulichorwa na Édouard-Jean Niermans, msanifu aliyekuwa na sifa kubwa kwa majumba ya starehe ya zama zile, na hadi leo una vioo virefu, michoro ukutani na nakshi za rangi ya dhahabu. Mwandishi Marcel Proust na mbunifu wa mavazi Coco Chanel ni miongoni mwa wateja wake wa zamani.

Ukumbi wa chai wa aina hii si sawa na mkahawa wa kawaida wa Paris. Katika karne ya 19 mkahawa ulikuwa zaidi mahali pa wanaume: moshi wa tumbaku, magazeti, pombe na ubishi wa siasa. Mwanamke mwenye heshima zake aliyeingia humo peke yake alitazamwa vibaya. Kumbi za chai zilipoenea kuelekea mwisho wa karne hiyo, wanawake walipata mahali pa kukutana na kuzungumza bila kusindikizwa na mume wala kaka. Ndiyo maana meza za kumbi hizo ni ndogo, viti vimekaribiana, na katikati ya kila kitu kuna vitu vitamu. Kuwapa wanawake mahali hapo ni mchango mkubwa kuliko pambo lolote la ukutani, ingawa wageni wengi hupiga picha za mapambo.

Kinachowavuta watu kupanga foleni chini ya matao ya mtaa huo ni chokoleti ya moto. Kwa karne nyingi chokoleti ilikuwa kinywaji tu. Wamaya na Waazteki wa Amerika ya Kati walisaga punje za kakao, wakazichanganya na maji na viungo, pilipili ikiwamo, wakanywa bila sukari. Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, ikatiwa sukari na kunywewa moto. Ufaransa iliipokea kupitia jumba la kifalme na mipaka yake na Hispania, na mwaka 1659 David Chaillou akapewa na mfalme haki ya pekee ya kuitengeneza na kuiuza. Kipande kigumu cha kutafuna kilichelewa sana: kampuni ya Fry ya Uingereza ilikitoa mwaka 1847.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna mashine iliyobadilisha kila kitu. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza ya mtambo wa kukamua mafuta kutoka kwenye kakao iliyosagwa. Karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta, ambayo huitwa siagi ya kakao. Yakikamuliwa sehemu kubwa, kinachobaki ni mkate mkavu unaosagika kuwa unga. Unga huo ndio uliomo katika makopo yanayouzwa madukani Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na ndio ambao watu wengi wanaufahamu kuwa kakao: huchanganyika haraka, ni mwepesi, na bei yake inafikika.

Chokoleti ya moto ya Angelina inafuata njia ya zamani zaidi. Haitokani na unga pekee. Hutengenezwa kwa chokoleti nzima, yenye siagi yake, iliyoyeyushwa na kukorogwa hadi iwe nzito kama uji. Mhudumu huileta katika jagi dogo, pamoja na bakuli la krimu iliyopigwa isiyotiwa sukari nyingi. Inafaa kuonja kwanza bila krimu, kwa mikupuo midogo, ili uchungu wa kakao ujitokeze kabla ya kulainishwa. Jagi moja linatosha watu wawili wasio na njaa kali. Anayeagiza jagi zima na keki nzito kwa pamoja mara nyingi hushindwa kumaliza vyote, jambo la kusikitisha kwa bei ya pale.

Kinywaji hicho kinaitwa L'Africain, yaani Mwafrika, kwa kuwa kakao yake inatoka Afrika. Mti wenyewe si wa asili ya bara hili. Wareno waliuleta kutoka Brazili hadi visiwa vya São Tomé na Príncipe mwanzoni mwa karne ya 19, na ukaenea hadi kisiwa cha jirani cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Kutoka huko Tetteh Quarshie, fundi chuma wa Kiafrika, alirudi na mbegu nyumbani Ghana katika miaka ya 1870 na kuzipanda Mampong. Haikupita miaka 40 kabla ya nchi hiyo kuongoza duniani kwa zao hilo. Leo Kodivaa na Ghana kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, karibu yote kutoka mashamba madogo ya familia.

Afrika Mashariki na Kongo zina sehemu ndogo katika hesabu hiyo, lakini si ya kupuuzwa. Kakao inalimwa Kyela mkoani Mbeya, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, Bundibugyo nchini Uganda, na upande wa pili wa mpaka karibu na Beni. Huko Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili hununua punje mbichi kwa wakulima, huzichachua na kuzikausha yenyewe, kisha huziuzia watengenezaji wa chokoleti wa Marekani na Ulaya wanaoandika Tanzania kwenye karatasi ya kipande.

Kuchachua ndiko kunakozaa ladha. Punje iliyotolewa ndani ya tunda lake ni chungu na kali, haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Hurundikwa na utelezi wake mweupe ndani ya sanduku la mbao, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kugeuzwa kwa siku tano hadi saba huku joto likipanda. Baadaye huanikwa juani. Mpishi wa Paris akikaanga vibaya anaweza kuharibu punje nzuri, lakini hawezi kuokoa punje ambayo haikuchachuka. Sifa zinazotolewa juu ya meza za marumaru zinamhusu kwanza mkulima, na ni haki jina la bara lake likawa kwenye orodha ya vinywaji. Jinsi maduka yanavyomtegemea mkulima huyo ilionekana mwishoni mwa mwaka 2024: baada ya mavuno mabaya ya Afrika Magharibi, tani moja ya kakao ilipita dola 12,000 katika soko la New York, na maduka ya chokoleti yakapandisha bei kote duniani.

Chai, licha ya kuupa ukumbi jina, huja nafasi ya pili hapo. Huletwa katika birika, majani yakiwa mazima, na maziwa hutolewa kando kwa anayeyataka. Aliyezoea chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na tangawizi na iliki ataiona nyepesi. Chai nyingi ya Kenya husagwa kuwa chembe ndogo zinazotoa rangi haraka na kustahimili maziwa; majani ya Darjeeling yanayopendwa katika kumbi hizi husokotwa tu, na harufu yake hupotea yakizidiwa na maziwa na sukari. Pamoja na chokoleti, chai kavu, yaani isiyo na maziwa, hufaa zaidi, kwa sababu husafisha mafuta mdomoni kati ya kipande na kipande.

Keki maarufu ya nyumba hiyo ni Mont-Blanc. Chini kuna ute wa mayai uliopigwa na sukari na kuokwa kwa moto mdogo hadi ukakauka, juu yake krimu, kisha nyuzi nyembamba za chestinati, kokwa tamu za misitu ya Ulaya zilizopondwa na sukari. Ni tamu sana, na kwa chai kavu inalika vizuri kuliko kwa chokoleti ya moto.

Upande wa duka kuna masanduku ya chokoleti ndogo zenye vijazo. Praline hutokana na lozi au kokwa nyingine zilizokaangwa katika sukari na kusagwa. Ganache ni chokoleti iliyochanganywa na krimu ya moto, na kwa sababu ya krimu hiyo haidumu zaidi ya wiki chache. Katika maduka ya Ufaransa baadhi ya vijazo hutiwa ramu au konyaki, hivyo asiyekunywa pombe aulize kabla ya kununua; wauzaji wamezoea swali hilo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chokoleti nyeusi iwe na angalau asilimia 35 ya kakao, na ya maziwa asilimia 25. Katika duka la daraja hili asilimia huwa juu zaidi ya hapo, na orodha ya viambato huwa fupi.

Chokoleti nzuri hung'aa na hukatika kwa mlio. Hali hiyo hutokana na kuyeyusha chokoleti nyeusi hadi kama nyuzi 45 za Selsiasi, kuipoza hadi 28, kisha kuipasha tena hadi karibu 31, ili siagi yake igande kwa mpangilio mmoja. Siagi hiyo huyeyuka kabla ya kufikia joto la mwili, ndiyo sababu kipande hulainika ulimini bila kutafunwa. Kwa anayesafiri nacho kuelekea Mombasa au Muscat, sifa hiyo hiyo ni hatari. Sanduku libebwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo inayoachwa juani uwanjani. Nyumbani lifungwe vizuri ndani ya chombo kisichopitisha hewa na kuwekwa mahali penye nyuzi 16 hadi 18. Pasipokuwa na mahali hapo, jokofu hutumika, mradi chombo kiachwe kimefungwa hadi kipoteze ubaridi kabla ya kufunguliwa, la sivyo unyevu hutua juu ya chokoleti na kuifanya ipate utando mweupe.