Kwa Nini Mfanyakazi Hujituma, au Hutegea?

Vijana wetu wengi wa Nalasi huondoka kwenda kuajiriwa na makampuni ya watu binafsi. Wengine hubangua korosho viwandani, wengine ni walinzi, wengine hupakia malori. Hata sisi wakulima tunaajiri vibarua wa kupalilia mikorosho. Basi tujiulize: kwa nini mtu mmoja hujituma, na mwenziwe hutegea mpaka asimamiwe?

Wengi husema, "Ah, huyo mvivu tu!" Sisi hatukubali upesi namna hiyo. Kitu kinachomtia mtu hamu ya kazi huitwa motisha. Fedha ni motisha, lakini siyo peke yake.

Wazee wa mkoa wetu wa Ruvuma wanalijua jambo hili. Wakati wa Waingereza, vijana wengi wa Songea walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya makampuni, huko Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kutafuta wafanyakazi, kikaitwa SILABU. Huko shambani kila mtu alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi. Na mshahara haupati mpaka siku zote 30 zitimie.

Je, watu walifanya kazi kwa bidii? Wapi! Kila siku wengi hawakutokea kazini. Mashamba yakalazimika kuandikisha watu wengi kuliko waliohitajiwa kwa siku. Wenye mashamba walilalamika kwamba manamba ni wavivu, na huku mshahara wenyewe ulikuwa mdogo na unachelewa. Baada ya Uhuru wa 1961 mishahara ya mkonge ilipandishwa. Wafanyakazi walipungua, lakini waliobaki walikaa kazini muda mrefu zaidi wakaizoea kazi.

Jambo la namna hiyo lilitokea hata Marekani. Mwaka 1913, katika kiwanda cha magari cha Ford, watu waliacha kazi ovyo. Ili kuwa na wafanyakazi kama 14,000, kampuni iliajiri zaidi ya watu 50,000 katika mwaka mmoja! Januari 1914 Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya zamani. Saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Kuacha kazi kukapungua sana. Lakini tusimsifu mno: alituma watu majumbani kupeleleza kama wafanyakazi wake wanalewa.

Sasa turudi kwenye korosho zetu. Korosho nzima ina bei kubwa kuliko iliyovunjika. Kampuni ikimlipa mbanguaji kwa kilo tu, bila kujali nzima wala vipande, yeye atafanya nini? Ataharakisha, na korosho zitavunjika. Hapo kosa si la mama yule. Amefanya kile anacholipwa. Kampuni ikiongeza malipo kwa korosho nzima, mikono itatulia yenyewe.

Kuna na mambo yasiyo na gharama kubwa. Kulipa siku iliyoahidiwa. Kumwonyesha mtu kazi vizuri kabla ya kumgombeza. Kutomtukana mbele ya wenzake. Mtu aliyetukanwa asubuhi atafanya kazi, lakini moyo hauko pale.

Ninyi mliohitimu kusoma mna nguvu ambayo manamba wengi hawakuwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, malipo kiasi gani, saa ngapi. Usipoyaelewa, ni wajibu wake akufafanulie. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28, yenye malipo. Kijana wako akileta karatasi ya mkataba nyumbani, kaeni chini muisome pamoja kabla hajatia sahihi.