Kudai Hoja kwa Mwenye Mamlaka: Falsafa ya Karne ya 18 na Kufutwa kwa Utesaji wa Kimahakama Ulaya

Katika mijadala ya Kiswahili kuhusu Zama za Mwangaza za Ulaya, neno linalotajwa zaidi ni akili. Makala haya yanapendekeza kwamba neno hoja linatufikisha karibu zaidi na yaliyotokea. Akili ni kipawa ambacho mtu anaweza kuwa nacho akiwa peke yake. Hoja hutolewa mbele ya wengine, na anayeitoa hukubali kuwa inaweza kupingwa. Wanafalsafa wa karne ya 18 waliugusa utawala pale walipomtaka mwenye mamlaka atoe hoja ya jambo alilolitenda kwa mazoea. Utesaji wa kimahakama ni mfano mzuri wa suala hilo.

Utesaji kama utaratibu

Kwa karne nyingi, mahakama za bara la Ulaya ziliongozwa na kanuni za uthibitisho zilizotokana na sheria za Kirumi na za Kanisa. Kosa lenye adhabu ya kifo lilihitaji mashahidi wawili walioshuhudia kwa macho, au mshtakiwa akiri mwenyewe. Dalili nyingine, hata zikiwa nzito, zilihesabiwa kuwa sehemu tu ya ushahidi. Kwa kuwa mashahidi wawili walipatikana kwa nadra, dalili zilizotosha kumshuku mtu zilitosha pia kumtesa ili akiri. Ikumbukwe kwamba huu haukuwa ukatili wa askari waliokiuka sheria. Utesaji ulikuwa na kanuni zake, kiwango chake na karani wa kuandika majibu. Waliouendesha walikuwa wasomi, na kwa mtazamo wao walikuwa wakimlinda mshtakiwa dhidi ya hukumu ya kubahatisha.

Kesi ya Toulouse

Oktoba 1761, mjini Toulouse, kijana aliyeitwa Marc-Antoine Calas alikutwa amekufa nyumbani kwao. Baba yake, Jean Calas, alikuwa mfanyabiashara wa nguo na Mprotestanti katika mji wa Wakatoliki. Uvumi ulienea kwamba alikuwa amemuua mwanawe ili asibadili dhehebu. Mahakama kuu ya mji ilimtia hatiani. Aliteswa ili awataje washirika wake, naye hakukiri lolote. Tarehe 10 Machi 1762 aliuawa kwa kuvunjwa viungo juu ya gurudumu.

Voltaire hakuwa upande wa Calas tangu mwanzo. Alisadiki kwanza kwamba huenda mtu huyo alikuwa na hatia. Alibadili msimamo baada ya kuwahoji watu wa familia hiyo. Alichokifanya baadaye ndicho kinachotuhusu. Wakati huo mahakama za Ufaransa hazikulazimika kueleza sababu za hukumu zao, na kumbukumbu za kesi zilikuwa siri. Voltaire na mawakili waliomuunga mkono hawakuomba huruma ya mfalme peke yake; walidai kumbukumbu hizo zifunguliwe. Mwaka 1763, ambao ndio alioutoa waraka wake kuhusu uvumilivu wa kidini, baraza la mfalme liliiagiza Toulouse ipeleke majalada ya kesi. Machi 1765 Calas alitangazwa kuwa hakuwa na hatia, miaka mitatu baada ya kuuawa.

Sanaa nayo ilihusika, tena si kama pambo. Mwaka 1765 msanii Carmontelle alichora picha ya mjane wa Calas, binti zake na mtumishi wao wakiwa gerezani, huku kijana Lavaysse, aliyekuwa ameshtakiwa pamoja nao, akiwasomea utetezi ulioandikwa na wakili. Nakala za picha hiyo ziliuzwa ili kuisaidia familia. Tuiangalie kwa makini: haina gurudumu wala damu. Kilichowekwa katikati ni karatasi inayosomwa, yaani hoja, na watazamaji walionunua nakala wakawa kama wasikilizaji wengine wa utetezi ule. Kwa upande wa serikali, matunda yalichelewa zaidi. Sheria ya Agosti 1790, wakati wa Mapinduzi, ndiyo iliyowataka majaji wa Ufaransa waeleze sababu za hukumu.

Beccaria na washauri wa watawala

Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milano, akiwa na umri wa miaka 26, alichapisha huko Livorno kitabu kidogo kuhusu makosa na adhabu, bila kuweka jina lake. Hoja yake juu ya utesaji ilikuwa nyepesi kueleweka: maumivu hupima uimara wa misuli, hayapimi ukweli, mwenye hatia aliye na nguvu huachiwa, na asiye na hatia aliye dhaifu huangamia.

Austria inaonyesha jinsi hoja ya namna hiyo ilivyoingia serikalini. Sheria ya jinai ya Maria Theresa ya mwaka 1768 ilikuwa na michoro ya vyombo vya kutesea na maelekezo ya kuvitumia. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1776, malkia huyo aliufuta utesaji, baada ya mvutano wa muda mrefu ambapo Joseph von Sonnenfels, profesa na mshauri wa serikali, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mabadiliko.

Hata hivyo, mwanahistoria wa sheria John Langbein ameonya kwamba tusiwape waandishi sifa zote. Kwa maoni yake, tangu karne ya 17 majaji walikuwa wamepata adhabu nyingine, kama kazi ngumu melini na gerezani, ambazo hazikudai uthibitisho kamili. Kwa hiyo haja ya kukiri ilikuwa imepungua. Nakubaliana naye kwa sehemu. Mbadala ulirahisisha kuacha, lakini hauelezi kwa nini michoro ile iliwekwa katika sheria ya mwaka 1768. Tena mbadala wenyewe ulihitaji kuhojiwa. Joseph wa Pili alipofuta adhabu ya kifo katika mashauri ya kawaida mwaka 1787, wafungwa walipelekwa kuvuta mashua katika mto Danube, na wengi walikufa huko.

Nani aliruhusiwa kudai hoja

Swali la nani aliyestahili kupewa hoja linatuleta kwenye pwani yetu. Septemba 1776, mwaka uleule wa agizo la Maria Theresa, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa mahitaji ya kisiwa kinachoitwa leo Mauritius. Waliochukuliwa waliingia chini ya sheria za makoloni zilizobana mno ushahidi wa mtumwa, hasa dhidi ya bwana wake. Februari 1794 bunge la Mapinduzi lilifuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Wajumbe wawili walifika kisiwani mwaka 1796 kuitekeleza amri hiyo, na walowezi wakawapandisha melini na kuwafukuza baada ya siku chache. Watumwa wa kisiwa hicho walisubiri hadi 1835, chini ya Waingereza, na fidia iliyotolewa walilipwa mabwana.