Kamba wa Viungo na Kachumbari ya Embe: Chakula cha Baina ya Magharibi na Isha

Wiki hii tuingie jikoni.

Baina ya Magharibi na Isha hapa pwani pana takriban saa moja na dakika kumi. Katika kipindi hicho mama wa nyumba huswali, husikiliza watoto wakidurusu juzuu, na hungojewa atoe chakula. Mara nyingi kinachopunjwa ni swala yake: mchuzi ungali motoni, na Isha yaadhiniwa ilhali Magharibi aliiswali mbiombio, sikio likiwa kwenye sufuria. Ndiyo sababu napendekeza chakula kisichomshika jikoni zaidi ya dakika 20 baada ya swala, tena kitamu.

Nusu kilo ya kamba huwatosha watu wanne. Wamenywe, wapasuliwe mgongoni, utolewe ule mshipa mweusi. Hapa ndipo wakati unapoliwa, nami sioni kwa nini kazi hii isifanywe na baba mwenyewe alasiri, atokapo sokoni. Imamu Bukhari amepokea kwa Bi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapo nyumbani alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Ni baba gani basi atakayeona haya kushika kisu?

Kabla ya adhana, watiwe chumvi, thomu na tangawizi zilizopondwa, kijiko kidogo cha bizari nyembamba iliyosagwa, nusu yake manjano, na pilipili kwa kadiri wawezavyo watoto. Ndimu isitangulie, kwani ukali wake huwakaza kamba kabla ya kuonja moto. Wafunikwe, wawekwe penye baridi, na Magharibi iswaliwe pamoja na sunna yake bila haraka.

Kisha kikaango kipate moto sawasawa, mafuta kidogo, na kamba wapangwe safu moja. Wakirundikwa hutoa maji wakachemka badala ya kukaangika. Dakika mbili kila upande zatosha. Watoto wa madrasa watakusaidia kutambua: kamba aliye kama alifu bado, aliyepinda kama nuni ameiva, na aliyejifunga kama kichwa cha mimu amekwisha kuwa mgumu. Hapo ndipo wakamuliwe ndimu.

Kachumbari yake ni ya embe ngowe au boribo iliyoanza kuiva lakini ingali ngumu, ikatwe vipande vidogo pamoja na tango, dania, pilipili mbichi, chumvi na ndimu. Msimu wa embe ukipita, nanasi hushika nafasi yake vizuri. Kitunguu kibichi nimekiacha kwa makusudi, kwa kuwa Mtume amemkataza aliyekila kuukaribia msikiti, na wanaokula chakula hiki wanaelekea Isha. Thomu iliyoiva motoni haina tatizo hilo, harufu yake imekwisha kufa. Wali mweupe uliopikwa mapema au chapati za asubuhi zilizopashwa moto huandamana nacho.

Sisi Mashafi hatuna shaka na kamba. Sura Al-Maida, aya ya 96, imehalalisha windo la bahari. Lakini tuna majirani Mahanafi, na wanavyuoni wao wamekhitalifiana juu ya kamba. Mgeni wa Kihanafi na aulizwe kwa upole kabla kikaango hakijatelekwa. Ikiwa hali, vipande vyembamba vya nguru hupokea viungo hivyo hivyo, vikiongezwa dakika moja au mbili tu kila upande.