Nondo Hali Kanga Yako

Masika yakishaanza kupiga madirisha ya Upanga, hapa Dar es Salaam, swali huwa ni lilelile: "Fundi, niweke dawa gani kabatini nguo zisiharibike?" Anayeuliza ameshika kanzu yenye vidoa vyeusi mgongoni, au gauni la harusi ya dada yake linalonuka uvundo. Ukimwambia kabati lenyewe limejaa kupita kiasi, anakutazama kama umemtukana. Dawa anaitaka, kutoa nguo hataki. Nimeulizwa hivyo kazini, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, nimeulizwa msibani maiti haijatoka ndani. Leo nalijibu kwa maandishi, ili nikiulizwa tena nitoe karatasi tu.

Dawa yenyewe ni vile vidonge vyeupe vya naftalini, vinavyouzwa Kariakoo kwenye meza za wamachinga, jirani na sumu ya panya. Wapo wanaoviita kafuri. Si kafuri. Kafuri inayowekwa kwenye sanda, na ambayo majirani zetu Wahindu huichoma katika ibada, ni kitu kingine kabisa. Naftalini hutolewa kwenye lami ya makaa ya mawe au kwenye mafuta ya petroli, na kabatini huwekwa kwa kazi moja: kumuua kiwavi wa nondo wa nguo.

Sasa kiwavi huyo anachagua chakula. Anakula sufu, manyoya na hariri, yaani vitu vilivyotoka kwa mnyama. Pamba safi haimhusu, na polista ndiyo haimhusu kabisa. Fungua kabati lako tuhesabu pamoja: kanga, vitenge, jinzi, fulana, mashati ya ofisini ya polista, sare za harusi za satini, madera. Sufu iko wapi? Labda suti moja ya kuagia na shali aliyokuletea shemeji kutoka Uingereza. Umetangaza vita na mdudu ambaye kwenye kabati lako angekufa kwa njaa.

"Mbona basi zina matundu?" Lete nguo tuione, maana tundu lenyewe husema. Fulana yenye vitundu vidogo vidogo mbele, usawa wa kitovu, imesuguliwa na kifungo cha jinzi, na chuma cha mkanda, na ukingo wa sinki unapoosha vyombo. Nondo hajui kitovu chako kiko wapi. Shati lililochanika kwapani limeliwa na jasho na manukato. Taulo na shuka nyeupe zinazopasuka ukizikung'uta zimemalizwa na Jiki. Na kanga iliyotafunwa kwenye mikunjo imeliwa na mende, au na wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukiwasha taa. Hao wanafuata wanga. Kanga mpya hutoka kiwandani na wanga wake, ndiyo maana inasimama ukiishika, na wewe umeiweka hivyohivyo na lebo yake, doti haijakatwa, ukisubiri miaka mitano umpe mwali. Umewaandalia karamu. Kanzu iliyopigwa stachi kabla ya kuhifadhiwa ni hadithi hiyohiyo.

Lakini hata mende si adui mkuu. Adui wa nguo hapa kwetu ni unyevu. Upanga iko kati ya bahari na bonde la Msimbazi, na wastani wa unyevu hewani Dar es Salaam unazidi asilimia 70, kiwango ambacho ukungu haudai zaidi. Ongeza makabati ya kujengea ukutani ya fleti zetu za zamani, ambayo mara nyingi nyuma yake kuna bafu la kwako au la jirani. Ongeza nguo zilizobanana mpaka hanga haisogei. Ongeza ile tabia ya kuvaa shati mara moja, likaonekana safi, likarudishwa na jasho lake. Ukungu una maji, una chakula, una giza, na hakuna upepo wa kuusumbua. Unataka nini tena?

Naftalini haikaushi chochote. Inachofanya ni kukubadilishia harufu: ulikuwa unanusa uvundo, sasa unanusa ukali, ukadhani nguo zimepona. Isitoshe, kidonge hicho hugeuka mvuke taratibu bila kuwa maji, na mvuke huo humuua kiwavi pale tu unapokuwa mzito ndani ya chombo kilichozibwa barabara. Kabati lenye mlango uliopinda halizibi kitu. Mvuke unatoka na kuenea chumbani, na anayeuvuta usiku kucha ni wewe na watoto wako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka naftalini, mwaka 2002, kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliviondoa vidonge hivi sokoni mwaka 2008. Sisi tunaviviringisha ndani ya soksi na kuviweka chini ya mto wa mtoto.

Hapo ndipo subira inaponiishia. Katika nchi za malaria kama yetu, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajui mpaka kitu kiwachokoze. Naftalini huwachokoza. Chembe nyekundu za damu huvunjika, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho hugeuka manjano. Kwa mtoto mchanga, manjano hiyo ikipanda sana hufika kwenye ubongo. Madaktari wa Ugiriki na wa Nigeria walikwisha kuandika, karne iliyopita, juu ya vichanga walioumwa hivyo baada ya kuvishwa nguo au kufunikwa blanketi zilizotunzwa kwa vidonge hivi. Na desturi yetu ni ipi? Kumtunzia mtoto ajaye nguo za kaka yake kwenye begi, pamoja na vidonge vinne ili "zikae vizuri". Mtoto akipata manjano, hospitali ya Muhimbili si mbali: mkimbize, na useme wazi kwamba nguo zake ziliwekewa naftalini, kwa sababu daktari hawezi kukisia kilichomo begini mwako. Wakubwa zaidi kidogo wana balaa lao, kidonge wanakiona pipi.

Kuhusu udi, kwa kuwa najua swali linakuja: fukiza, nguo zinukie, na joto la chetezo huenda likakausha kidogo. Ukungu hautishiki na manukato.

Kinachoutisha ni upepo, na upepo unataka nafasi. Basi tuamue nguo zipi zibaki, kwa haraka. Toa zote, weka kitandani, ili usipate pa kulala mpaka umalize. Achana na ile kanuni ya kigeni ya kutupa usichovaa mwaka mzima: kanga ya msibani na suti ya harusi hazivaliwi kwa kalenda. Tazama kitambaa kwanza. Mkoba, koti na viatu vya ngozi ya bandia vilivyoanza kubanduka havitunziki, joto na unyevu vinavila uvivae usivivae, kwa hiyo vivae sasa au vitoke. Lastiki iliyolegea vivyo hivyo. Pamba nzuri inavumilia miaka, ibaki. Sare za kamati za harusi, zile za satini zenye rangi ambayo hukuichagua na kipimo ambacho si chako tena: bakisha ya harusi ya mtu wa damu yako, nyingine zitoke. Vazi lililokubana miaka mitatu lipelekwe kwa fundi wiki hii, na likifika Jumapili liko bado kwenye kiti, litoke. Lenye vidoa vyeusi vya ukungu: pamba nyeupe ijaribu mara moja kwa Jiki iliyochanganywa na maji mengi, hariri na sufu usithubutu, Jiki huzila.

Zinazotoka zigawe. Nzima na safi zimfikie mtu unayemjua, au zisubiri wale wa mali kwa mali wanaopita na mabeseni, wakupe ndoo. Fulana za pamba zilizochakaa ni matambara mazuri kwa mafundi wa gereji Gerezani, ila kwa za polista usiwasumbue.

Zinazobaki zifuliwe, zikauke mpaka kwenye mishono, ndipo zirudi. Kiganja kipite kati ya hanga na hanga. Kisipopita, hujamaliza kutoa. Kanga za akiba zisuuzwe wanga utoke. Sari ya hariri izungushiwe melimeli, ikunjuliwe kila baada ya miezi michache na ikunjwe kwa mikunjo mipya, kwa sababu hariri hukatika palepale inapokunjwa siku zote. Suti itolewe kwenye nailoni ya dobi siku hiyohiyo inapofika nyumbani. Milango ya kabati iwe wazi saa moja kila siku, feni ikielekezwa humo, na jua la asubuhi likitoka baada ya mvua, anika.

Vidonge ulivyokwisha kununua viweke kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, na usivichome. Nguo zilizonuka fua, anika kwenye upepo siku kadhaa, kisha nusa. Za mtoto mchanga zikiwa bado zinanuka, hata kwa mbali, asivishwe. Aombewe za jirani, na jirani aulizwe kwanza alizitunzaje.